Jamii Isiyo na Askofu: Waluteri wa Sachsen katika Missouri

Katika masomo ya historia ya Eklezia tunajifunza habari za Luther na za Mtaguso wa Trento, kisha kitabu kinafungwa. Tunabaki kuwaza kwamba mambo ya Waluteri yalimalizika kule Wittenberg na Augsburg. Lakini watoto wa watoto wao waliendelea kuishi, kusali, kubishana, na wengine kuhama. Leo tunataka kusimulia habari za jamii moja ya Waluteri wa Ujerumani waliovuka bahari mwaka wa 1838. Tumewachagua hao kwa sababu moja. Siku moja ya mwaka wa 1839 waliamka wakajikuta hawana askofu, feza yao imekwisha, nao hawakujua tena kama wao ni Eklezia ama kundi la watu tu lililopotea porini. Swali lao lilikuwa hili: Eklezia iko wapi, ikiwa yule aliyetuongoza ametudanganya? Mtu anayejitayarisha kwa upadri hawezi kulipita swali kama hilo bila kusimama.

Tuanze na inchi yao. Katika Sachsen ya miaka ile wachungaji wengi walikuwa wamefuata mafundisho ya akili tupu. Muujiza waliuona kuwa jambo la aibu. Juu ya zambi na neema walisema kidogo, juu ya tabia njema walisema sana. Nyimbo za zamani zilikuwa zimebadilishwa maneno ili zisimchukize mtu aliyesoma. Jirani zao wa Prussia walikuwa na taabu nyingine: tangu mwaka wa 1817 mfalme Friedrich Wilhelm III alitaka kuwaunganisha Waluteri na Wakalvini katika kanisa moja, na waliokataa walisumbuliwa na serkali. Sachsen haikuwa na amri hiyo, lakini watu wenye imani ya zamani waliogopa kwamba mambo ya jirani yatawafikia nao.

Katika giza hilo kulikuwa na mhubiri mmoja ambaye watu walimkimbilia. Jina lake Martin Stephan. Alizaliwa Moravia mwaka wa 1777, akawa yatima, akafanya kazi ya kufuma nguo, akaanza masomo akiwa mtu mzima. Tangu mwaka wa 1810 alikuwa mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Yoane katika mji wa Dresden. Hakuwa msemaji wa maneno mazuri. Lakini alihubiri juu ya zambi, juu ya msalaba wa Kristu, juu ya rehema ya Mungu kwa mkosefu, na watu walitembea toka vijiji vya mbali kumsikia.

Ili tuelewe ukubwa wa nguvu zake tusikie habari ya kijana mmoja. Carl Ferdinand Wilhelm Walther, aliyezaliwa mwaka wa 1811, mtoto wa mchungaji, alikuwa anasoma teolojia katika chuo kikuu cha Leipzig. Yeye na rafiki zake wachache walikusanyika kusali, na mwongozi wao aliwafundisha kwamba mtu asipolia sana juu ya zambi zake, asipoteseka kwa hofu, basi toba yake si ya kweli. Walther akafunga kula mpaka akadhoofika mwili. Hakupata amani. Mwishowe akamwandikia Stephan barua, na jibu lilipofika hakusubutu kuifungua kabla ya kusali, kwa kuogopa kupewa faraja ya uongo. Ndani yake Stephan alimwambia aache kujitazama mwenyewe, amtazame Kristu. Toka siku ile Walther alimwona Stephan kuwa baba aliyemtoa kaburini. Nani kati yetu hana padri mmoja ambaye neno lake lilimwinua siku ya taabu? Na hapo hatari ilijificha, kwa maana deni la namna hiyo halipimwi, wala mwenye kudaiwa hataki kulipima.

Kwa miaka mingi watu wa serkali walimchungulia Stephan. Alizoea kutembea usiku na kundi la wafuasi wake, wanaume kwa wanawake, na mikutano ya saa zile ilileta maneno. Mwaka wa 1837 akasimamishwa kazi. Wafuasi wake walisema: tazameni, mtumishi wa Mungu anateswa. Kila shitaka liliwazidishia upendo wao. Katika mwaka wa 1838 wakaunda chama cha uhamiaji, na kila mwenye mali akatia mali yake katika sanduku moja. Sanduku hilo likapata thaler zaidi ya 120,000. Kati yao walikuwamo wachungaji, wanafunzi wa teolojia, avoka, mafundi, wakulima, na wajakazi. Kesi ya Stephan ikaachwa ili apate kuondoka. Mke wake alibaki Dresden, lakini mwana wao aitwaye Martin alikwenda pamoja na baba.

Mnamo mwezi wa Novemba 1838 waliondoka Bremen katika merikebu tano: Copernicus, Johann Georg, Republik, Olbers na Amalia. Wote walizidi 600. Merikebu nne zilifika New Orleans kati ya mwisho wa Desemba na tarehe 20 Januari. Ya tano, Amalia, haikufika. Ilikuwa na watu zaidi ya 50, na hakuna aliyeiona tena, wala ubao mmoja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwetu Wakatoliki ni la ajabu. Tarehe 14 Januari 1839, merikebu Olbers ikiwa bado baharini, wakubwa wa chama waliandika karatasi wakaitia saini, na kwa karatasi hiyo Stephan akawa askofu. Hakuna askofu aliyemwekea mikono. Hakuna jimbo. Kulikuwa na merikebu, wino, na watu wanaompenda kupita kiasi. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Februari, walipokuwa wanapanda mto Mississippi katika mashua ya moshi iliyoitwa Selma, walitia saini karatasi ya pili. Katika hiyo waliahidi kumtii askofu wao katika mambo ya roho na katika mambo ya mwili pia. Tusicheke haraka. Wale hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamesoma kuliko sisi tunaoandika kurasa hizi. Waliona kanisa lao limeharibiwa na wakubwa wasioamini, wakatamani mkubwa anayeamini. Tamaa hiyo ni njema. Kosa lao ni kwamba walimfanya wao wenyewe, kisha wakainama mbele ya kazi ya mikono yao.

St. Louis ulikuwa wakati ule mji wenye kukua upesi, na Eklezia Katolika ilikuwa na mizizi pale tangu siku za Wafaransa. Askofu wake alikuwa Joseph Rosati, Mwitalia wa shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kanisa lake kubwa kando ya mto lilikuwa limebarikiwa mwaka wa 1834. Waluteri hawa wageni hawakuwa na nyumba ya sala. Waanglikana wa Christ Church waliwafungulia mlango, kwa ruhusa ya askofu wao Jackson Kemper, nao wakasali humo. Wajerumani wenzao waliotangulia mjini hawakuwapokea vizuri. Gazeti lao, Anzeiger des Westens, liliongozwa na watu wasiopenda dini, nalo likawafanya wahamiaji mzaha wa kila juma.

Katika miezi ile askofu mpya alikaa kwa fahari. Alitaka mavazi ya kiaskofu na nyumba inayofaa cheo chake, na feza ya sanduku ilitoka kwa haraka. Kisha wakanunua mashamba karibu hekta 1,800 katika wilaya ya Perry, kusini ya St. Louis, karibu na mto. Watu karibu 120 walibaki mjini, na mchungaji wao alikuwa Otto Hermann Walther, kaka wa yule Walther tuliyemtaja. Hao ndio mwanzo wa parokia yao iitwayo Utatu Mtakatifu. Wengine wakashuka mto kwenda kukata pori.

Pori lile halikuwa na nyumba, wala njia, wala shamba lililo tayari. Watu walioshika sindano na vitabu maisha yao yote walishika shoka. Walilala katika vibanda vya matawi, wengi pamoja, na mvua iliwapiga. Vijiji walivipa majina ya kwao: Wittenberg kwenye kivuko cha mto, Altenburg, Frohna, Dresden, Seelitz, Johannisberg. Wakati wa joto homa iliwashika, na makaburi yakawa mengi kabla ya nyumba kuwa nyingi.

Walipokuwa hawajaanza hata kupanda, gumba likafumuka. Tarehe 5 Mei 1839, Dominika, mchungaji Gotthold Heinrich Loeber alihubiri katika St. Louis. Baada ya mahubiri yake mwanamke mmoja alimwendea, akaungama kwamba amefanya zambi ya uzinzi na Stephan. Kisha wengine wakasema vilevile. Wachungaji waliambiana kwa siri, wakatetemeka. Walimtuma Walther kijana aende Perry kuwatayarisha watu wengine kwa habari hiyo, kwa maana Stephan mwenyewe alikuwa kule. Tufikiri Walther alivyokuwa moyoni katika safari ile. Aliyemtoa kaburini, sasa anakwenda kumfungulia shimo.

Tarehe 30 Mei Stephan aliondolewa cheo kwa ajili ya uasherati, kwa kutapanya mali ya jamii, na kwa mafundisho ya uongo. Kesho yake wakamvusha mto Mississippi, wakampeleka upande wa Illinois na feza kidogo, nguo, na vyombo vya kufanyia kazi. Hakukiri kosa. Je, walifanya sawa? Tunaona kwamba kumwondoa cheo ilikuwa haki. Lakini namna walivyomtupa ng'ambo, mzee wa miaka zaidi ya 60, na namna walivyopekua mali zake, inaonyesha hasira ya watu waliojionea haya wenyewe. Waliokuwa wametia saini ya kumtii katika kila jambo ndio waliokuwa wakali kabisa.

Sasa swali lilianza kuwatafuna. Wachungaji walikuwa wameacha parokia zao za Ujerumani ili kumfuata mdanganyifu. Basi wao ni wachungaji bado? Sakramenti wanazotoa zina maana gani? Labda kuhama kwenyewe kulikuwa zambi, na sharti wote warudi? Mchungaji mmoja aitwaye Bürger aliacha kazi kwa sababu ya mashaka hayo. Walei nao walisimama. Carl Vehse, mwanasheria aliyekuwa mtunza karatasi za serkali kule Dresden, pamoja na wenzake wawili, aliandika mashitaka marefu. Alionyesha kwa maneno ya Luther mwenyewe kwamba wachungaji walijitwalia nguvu zisizo zao, na kwamba jamii ya waamini ina haki ya kuwahukumu. Wachungaji hawakupenda maneno hayo. Mwisho wa mwaka 1839 Vehse akarudi Ulaya. Akabaki Adolph Marbach, avoka naye, aliyesema maneno makali zaidi: hapa hakuna Eklezia, basi hakuna mchungaji, hakuna sakramenti. Lililobaki ni kutubu na kurudi.

Katika mashaka hayo, jambo moja lilikwenda mbele pasipo kungoja jibu. Vijana wanne waliosoma teolojia, yaani Walther, Fuerbringer, Brohm na Buenger, walijenga kibanda cha magogo, karibu mita 5 kwa mita 6 na nusu. Tarehe 9 Desemba 1839 wakakifungua kuwa shule. Katika tangazo lao la gazeti walikuwa wameahidi kufundisha dini, Kilatini, Kigriki, Kiebrania, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, historia, hesabu na mengine mengi, na hayo wakati watu hawana mkate wa kutosha. Waseminari wanaonung'unika juu ya Kilatini chao wafikiri kidogo juu ya kibanda hicho. Tena tuseme jambo ambalo vitabu vyao vinalitaja mara chache: kwa kilometa karibu 30 tu toka pale, upande wa Perryville, seminari yetu ya Mtakatifu Maria ilikuwa imekwisha kusimama tangu mwaka wa 1818. Ilianzishwa na mapadri wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, nao walianza vilevile kwa magogo na njaa. Seminari mbili katika pori moja, na njia kati yao ilikuwa ndefu kuliko kilometa 30.

Walther alipata ugonjwa katika majira ya baridi ya mwaka 1840 na 1841, akakaa nyumbani mwa shemeji yake Keyl, mchungaji wa Frohna. Keyl alikuwa na vitabu vingi vya Luther. Mgonjwa akasoma. Wakati uleule, tarehe 21 Januari 1841, kaka yake Otto Hermann akafa katika St. Louis, na parokia ya Utatu Mtakatifu ikamwita yeye ashike nafasi ya marehemu. Hakujibu upesi. Angewezaje kukubali kuwa mchungaji wa jamii, na hali hajui kama jamii hiyo ni ya Kristu?

Ndipo, katika mwezi wa Aprili 1841, watu wakakusanyika Altenburg kwa majadiliano, na Walther akasimama mbele ya Marbach. Walther alikuwa na miaka 29. Alikubali karibu kila shitaka la Marbach: ndiyo, tumetenda zambi, tumemfanya mtu kuwa sanamu, tumewaacha watu wetu wa Ujerumani. Lakini, akasema, Eklezia ya kweli ni wale wote wanaomwamini Kristu kwa kweli, na Mungu peke yake anawajua. Popote Neno la Mungu na sakramenti vipo, hapo wamo wana wa Mungu, hata ikiwa wanafiki wamechanganyika nao, hata ikiwa kundi lenyewe limepotoka katika mambo mengi. Basi zambi ya Stephan na zambi yetu haziwezi kumfukuza Kristu katikati yetu. Kundi la namna hii halivunjwi, linatengenezwa. Nalo lina haki ya kumwita mchungaji wake.

Marbach alikiri kwamba Kristu angali na watu wake mahali pale, ingawa hakuacha mashaka yake yote. Baadaye alirudi Ujerumani. Wengine walipata pumzi. Mtu aliyekuwa haoni kama batizo la mtoto wake lina nguvu, aliondoka Altenburg akilala usingizi.

Tuseme nini sisi? Katika sehemu moja Walther alijibu kama vile Mtakatifu Agostino alivyowajibu Wadonati: zambi ya mtumishi haiharibu kazi ya Kristu, kwa maana anayebatiza ni Kristu. Hapo tunamwitikia kwa moyo wote. Lakini katika sehemu ya pili hatuwezi kumfuata. Akiisha kuona askofu wa karatasi ameanguka, hakuuliza askofu wa kweli anatoka wapi. Alisema kwamba nguvu zote ziko katika jamii ya waamini, nayo inamkabizi mchungaji. Sisi tunaamini kwamba Bwana aliwatuma Mitume, na Mitume wakawawekea wengine mikono, na mnyororo huo haukukatika. Walakini tukumbuke kwamba wale walikuwa wametoka kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona hata kamba. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka wa 1964 juu ya umoja wa wakristu, umetufundisha kutazama mema ambayo Roho Mtakatifu anayafanya kwa ndugu waliotengana nasi. Tunazani kwamba faraja ile ya Altenburg ni mojawapo.

Siku chache baadaye Walther akakubali mwito, akapanda mto kwenda St. Louis. Jamii ya Utatu Mtakatifu ilikuwa maskini bado, ikisali chini katika nyumba ya Waanglikana. Tarehe 4 Desemba 1842 wakaingia katika kanisa lao wenyewe, na mwaka wa 1843 wakamaliza kuandika sheria za parokia. Ukisoma sheria hizo unamsikia Vehse, aliyekuwa amekwisha kuondoka. Neno la mwisho ni la mkutano wa wanaume wa parokia. Mchungaji anaheshimiwa, Neno la Mungu linatiiwa, lakini katika mambo mengine mchungaji hawezi kuamuru peke yake. Wachungaji waliomshindana Vehse walichukua dawa yake baada ya kumfukuza mganga.

Tarehe 7 Septemba 1844 Walther akatoa namba ya kwanza ya gazeti, Der Lutheraner, na gari la posta likaipeleka kwa Wajerumani waliotawanyika katika inchi nyingine za Marekani. Wachungaji wasiojuana wakaanza kuandikiana. Mwaka wa 1847, katika mji wa Chicago, wakaunda sinodi moja, ile ya Missouri, na Walther akawa mkubwa wake wa kwanza. Lakini sinodi hiyo ilipewa haki ya kutoa shauri tu, si ya kuamuru parokia. Mwaka ule parokia ya Utatu Mtakatifu ikachapisha kitabu cha nyimbo, na ndani yake nyimbo za zamani zilirudishiwa maneno yao ya kwanza, yale yaliyofutwa kule kwao. Shule ya kibanda ilihamishwa kwenda St. Louis mwaka wa 1849 na ikawa seminari yao kubwa, Concordia. Loeber hakuiona ikistawi, kwa maana alikufa mwaka huohuo katika Altenburg.

Na Stephan? Alikaa upande wa Illinois, maskini, karibu bila rafiki. Watu wachache wa mahali paitwapo Horse Prairie walimwita awahubirie, naye akawahubiria mpaka alipokufa mwaka wa 1846. Mwana wake Martin, yule aliyevuka bahari pamoja naye, alikuwa amerudi Ujerumani. Baadaye alivuka bahari mara ya pili, akajifunza teolojia kwa watu walewale waliomvusha baba yake mto, akawa mchungaji katika sinodi yao.